Tako la Sufuria ya Mama Sifa

Tulipomzika mama mukubwa, dada wa mama yangu, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sifa, vijana wa ukoo walinijia mbio wakiwa na simu mkononi. Walitaka picha. Siku hizi hakuna msiba mjini Baraka bila sura ya marehemu: inachapwa kwenye fulana, inachapwa kwenye turubai, inawekwa mezani katikati ya maua ya plastiki, na mjukuu aliyeshuka jana kutoka Bukavu anaililia kuliko waliomwogesha marehemu mwenyewe. Wakasema, kwa Kiswahili chetu ambamo njo ni ndiyo, "Papa Etabo, we njo ulikuwa unapiga foto mu nyumba yake. Tupatie moja." Nikaingia chumbani, nikatoa bahasha ya picha, nikawapa. Wakazipitia moja moja. Meno ya chanuo. Matundu ya chekeche la unga. Ncha ya kisu. Uzi wa kitenge unaofumuka. Punje za chumvi, kubwa kama nyumba. "Na sura iko wapi?" "Sura sina." "Papa! Mwaka muzima umekaa kwa mutu, umepiga foto ya chumvi yake, yeye mwenyewe hapana?" "Hata moja." Walinitazama kama mtu aliyeingia ziwani na nyavu akarudi na mawe. Nami, pale pale, kilio kikiwa kimepamba moto, nikacheka.

Nilicheka, na siombi radhi. Waliokuwa karibu walidhani uchungu umenipanda kichwani, wakaniletea kiti. Nikakaa. Kukaa najua. Siku malaika wataniuliza ni kazi gani niliifanya vizuri duniani, nitawajibu kwamba nilikaa nyumbani. Wenzangu wa shule walitawanyika, huyu Misisi, huyu Lulimba, huyu ng'ambo ya ziwa mpaka Kigoma na nchi za mbele ambazo watu huvaa makoti hata wakiwa kitandani. Mimi duka langu la kuchaji simu liko kwenye baraza la nyumba yangu, ili njia ya kwenda kazini isinichoshe. Vita vilipokuja nilikimbia kama wote, maana risasi haibishani na mtu, lakini nilikimbia nikinung'unika, na nikarudi kabla ya wengi. Jirani zangu wanasema nina mizizi. Mke wangu anasema nina uvivu. Wote wawili wana haki. Ila kuna mwaka mmoja ambapo hicho wanachokiita uvivu kilinilazimu kusimama mbele ya watu wazima na kusema hapana, na tangu hapo sijawahi kukionea haya.

Ilikuwa miaka ya kabla ya vita. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nasubiri matokeo ya mtihani wa serikali, nayo yalikuja kwa mwendo wa kinyonga. Nani alimzaa nani, na kwa nini nilihamia kwa mama mukubwa, tuyaache. Ni marefu na hayana picha. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma na bati, na ndani yake mlikuwa na salon, yaani sebule, yenye viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuviegemea, kwa hiyo wageni wetu wote walikaa wima kama washitakiwa. Kutani zilining'inia picha za baba mukubwa. Huyo, mume wa mama mukubwa, alikuwa mpiga picha, na sehemu kubwa ya mwaka alikuwa Misisi akiwapiga wachimbaji wa dhahabu: mtu na viatu vyake vipya, mtu na redio yake mpya, mtu na mke wa mtu. Hizo zilikuwa za rangi, na filamu zake zilitumwa Bujumbura. Za vitambulisho, nyeusi na nyeupe, tuliziosha wenyewe nyumbani, katika stoo iliyozibwa dirisha, kati ya magunia ya muhogo mkavu. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, beseni mbili za dawa, na mashine ya kukuzia iliyokunywa umeme wa betri ya gari. Kila kitambulisho kilichotolewa Fizi mwaka ule kilinuka muhogo, na kama kuna afisa aliyewahi kukiweka puani, basi na anitafute.

Humo gizani niliwasikia wanawake uani wakichekecha unga. Ukuta ulikuwa mwembamba na wao hawakuwa na siri.

"Ule mutoto wa ndugu yako anafanyaka nini mule mu giza?" aliuliza jirani mmoja.

"Anaosha foto," mama mukubwa akajibu.

"Kutwa nzima? Foto ziko na uchafu gani?"

"Anaosha sura za batu."

"Basi aoshe na ya bwana yangu, mi imenishinda."

Wakacheka mpaka chekeche likasimama. Halafu yule jirani akashusha sauti, lakini si sana: "Mama Sifa, kijana mwenye nguvu hivi, benzake bote beko Misisi banaingia mu mashimo. Yeye anakalia jiko kama paka. Hauone haya?" Nikangoja mama mukubwa anitetee. Chekeche likaanza tena. Kisha akasema tu, "Paka anakamata panya," na kwa maisha yangu yote mpaka leo sijui kama huo ulikuwa utetezi. Lakini jina likabaki. Sifa, binti yake, aliyenizidi kidogo umri nami nikimwita yaya, kama dada mkubwa, alilipenda jina hilo kuliko chakula. "Paka, kuja kula!" Jioni tulikula uani, bugali ya muhogo na ndakala, dagaa wa ziwa letu, au sombe, majani ya muhogo yaliyotiwa mawese, na siku ya bahati samaki wa mikeke wa kuchoma, na kila mara Sifa alinirushia mifupa ya samaki upande wangu. "Paka aamuke, kazi yake njo hii."

Yaliyofuata yalitokana na apareyi, kama tunavyoita kamera kwetu. Baba mukubwa alikuwa na mbili. Ile ya zamani ilianguka kutoka kwenye pikipiki njia ya Lulimba, na meno yale yanayoshika lenzi kwenye mwili wake yakakatika. Alirudi nayo imefungwa kwenye shati, akaiweka juu ya mfuko wa makaa, akasema, "Hii imekufa. Bapatie batoto bachezee." Mtoto aliyekuwa karibu ni mimi. Niliigeuza siku kadhaa. Lenzi haikushika tena kwa nyuma, lakini nikagundua kwamba nikiigeuza, uso wake wa mbele ukitazama ndani na kisogo chake nje, ilikaa sawasawa juu ya tundu, na nikiifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli haikudondoka. Nikaweka jicho. Sikuona kitu. Ua, mgomba, kuku, Sifa, vyote vilikuwa ukungu. Nikasogea mlangoni pa jiko, bado ukungu. Nikasogea kwenye mafiga, ukungu. Nilipokaribia kuiangusha pua yangu ndani ya kinu, ghafla ukungu ukapasuka, na mbele yangu kukasimama msitu: nyuzinyuzi za mti wa kinu, zimesimama kama miti mirefu, na kati yake unga umelala kama ukungu wa asubuhi juu ya milima ya Fizi. Niliruka nyuma nikagonga kichwa kwenye rafu.

Ndiyo hivyo. Apareyi iliyowekwa kisogo mbele haioni mbali. Mtu akisimama mbele yake hamtambui. Inaona tu kile kilicho karibu kiasi cha kidole, na hicho inakiona kama Mungu anavyokiona. Nikajisemea, hatimaye nimepata mwenzangu.

Nilianza na filamu zilizobaki za vitambulisho, nyeusi na nyeupe, ambazo baba mukubwa alizikataa kwa sababu muda wake wa matumizi ulikuwa umekwisha. Sikujua jina la kazi ile na sijui kama nililihitaji. Nilitafuta mwanga wa mlangoni, nikaurudisha kwa kioo cha kunyolea, nikashika pumzi. Nilipiga ukingo wa kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Nilipiga kiberiti, kile kichwa chake kabla ya kuwaka. Nilipiga sabuni iliyopasuka. Bila rangi, vitu viliacha kusema mimi ni kikombe, mimi ni sabuni; vikabaki na ngozi yake tu, makovu yake, mahali alipopashika mtu kila siku. Nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba nyumba ile niliyodhani naijua nilikuwa sijatembea hata robo yake. Rafiki zangu walikuwa wakitembea siku mbili kwenye matope kwenda kuona shimo. Mimi nilikuwa na jiko, na sikulimaliza.

Sifa aliponikuta nimelala kifudifudi mbele ya ufagio, aliita mtaa. "Kujeni muone! Paka anaoa ufagio!" Watoto wakaja, kina mama wakaja, mmoja wa wale Warundi waliokuwa wakituuzia maharagi akasimama na kikapu chake kichwani, akauliza kwa upole kama nina homa. Nilivyo, siwezi kugombana kwa miguu. Hugombana kwa kukaa pale pale. Nikakaa pale pale. Nikapiga ufagio. Picha hiyo ninayo, na nawaambia, hakuna bwana harusi aliyewahi kupendeza hivyo.

Kisha nikapiga sufuria ya bugali ya mama mukubwa. Si ndani, bali chini. Tako lake. Kwetu tako la sufuria halionyeshwi mgeni. Mwanamke anayejiheshimu hugeuza sufuria zake upande safi ukitazama mlango, na masizi yakitazama ukuta. Mimi nikaipindua juani. Masizi yalikuwa yamejikunja kama magamba, tabaka juu ya tabaka, na kukatiza katikati palikuwa na mkwaruzo mrefu, mweupe, uking'aa, pale ambapo mchanga wa kusugulia ulikuwa umefika kwenye bati. Nikaikuza kwenye karatasi kubwa ambayo unyevu ulikuwa umeila pembeni. Ilipokuwa ikijitokeza kwenye dawa, pole pole chini ya ile tochi nyekundu, nywele zilinisimama.

Niliianika kwenye kamba, nikamsikia mama mukubwa nyuma yangu. Nilijua ni aibu niliyoitoa ndani nikaitundika juani, nikajitayarisha kupigwa mwiko. Akasogea, akasogea tena, akaweka kidole karibu na picha bila kuigusa.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako, mama mukubwa."

"Hii hapa," akasema, "ni siku ya kilio ya shemeji, bamama ba Lubondja balisugua na jiwe, balikuwa na haraka. Na hapa iliungua siku Sifa alikuwa anazaliwa, mi nikaacha bugali kwa moto nikaenda kulala chini." Kidole kikafuata ule mkwaruzo mpaka mwisho. "Watu bananiambiaka, Mama Sifa, we unafanya nini kutwa nzima? Bwana yangu njo anasemaka vile. Njo hii. Njo hii nilikuwa nafanya."

Aliishika picha kwa pembe zake, akaingia nayo salon, akaondoa picha ya mchimbaji mwenye redio, akaitundika yake, kando ya picha ya harusi. Baba mukubwa alikuwa Misisi. Nikamwambia, "Mama mukubwa, akirudi atasema nini?" Akajibu, "Atasema. Kusema hakuvunji ukuta."

Alirudi mwishoni mwa kiangazi, na ujumbe wake aliutanguliza kabla ya yeye mwenyewe kufika, kupitia kwa mwendesha pikipiki: Etabo afunge mzigo wake. Alikuwa amenitafutia mahali kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu huko, mtu mkubwa, wote wakimwita patron. Ningeanza kwa kubeba, kisha kuchimba, kisha ningekuwa mtu. Kama sitaki, basi nitafute bati lingine la kulala chini yake. Na huyo patron mwenyewe alikuwa akipita Baraka, angekula kwetu, na kuniona kwa macho. Sitajifanya shujaa: usiku ule sikulala. Sikuwa naogopa kazi, ingawa kazi na mimi hatukuwa tumezoeana. Niliwaza kwamba katika mashimo yale hakuna atakayejua mimi ni nani, na mimi sitajua chochote kilicho karibu nami, kwa sababu kule kila mtu anatazama mbali, anatazama siku atakayotoka.

Siku ya mgeni, mama mukubwa alipika kuku na bugali, akatandika mezani kitambaa kile cheupe cha kufuma ambacho sisi wa nyumbani tulikuwa tukikiona kwa mbali tu. Patron alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya chini, na alikula vizuri. Baba mukubwa alinisifu kama mtu anayeuza mbuzi: nina mabega, sina ugonjwa, nimesoma. Mimi nilisimama mlangoni na birika la kunawia mikono. Patron aliponawa, akainua macho ili anitazame, na macho yake yakanipita. Yakaenda ukutani. Akasimama na mikono inayotiririka maji.

"Hii ni wapi?" akauliza.

Baba mukubwa aligeuka, akaiona kwa mara ya kwanza. Nikaona shingo yake ikivimba.

"Hii mulima," patron akasema, akiisogelea. "Balipiga kutoka juu. Kwa ndege?" Kidole chake kikaenda kwenye ule mkwaruzo mweupe. Wanaojua mambo ya Misisi watanielewa: wachimbaji hufuata jiwe jeupe linalokatiza mlimani, kwa sababu dhahabu hupenda kulala ubavuni mwake, na mtu aliyelifuata miaka mingi huliona hata kwenye ndoto. "Angalia jiwe nyeupe vile linashuka. Na hapa linagawanyika. Na hapa iko inang'aa. Mi mwaka wa ngapi natafuta mulima sawa hii? Papa Sifa, we rafiki yangu gani? Kintu kama hii uko nayo mu salon, haunielezi?"

Nilimwona baba mukubwa akifikiri, nami sikuwa nimewahi kumwona akifanya kazi hiyo kwa haraka namna ile. Akaniita nje barazani, akanishika bega, kwa upole ambao sikuuzoea.

"Ni nini ile?"

"Ni tako ya sufuria, baba mukubwa."

Akafumba macho kidogo. "Sikiliza. We hautaki Misisi. Najua. Basi hautaenda. Utabaki hapa kwa mama yako, utaosha foto zako, utalala, utakula mpaka uzeeke, hakuna mutu atakusumbua. Lakini utaingia mule ndani sasa, utasema ile ni kilima nyuma ya Lubondja. Njo tu ile. Mutoto mwenye kusoma anashindwa kusema neno moja?"

Wasomaji wangu, mnanijua sasa. Mtu huyu alikuwa ananipa kila nilichokitaka duniani. Kitanda changu, stoo yangu, bugali ya jioni, mifupa ya Sifa. Na bei yake ilikuwa uongo mdogo, wa kumdanganya mtu tajiri ambaye hata sikumpenda. Nilifikiria Lubondja, mashamba yale ya muhogo nyuma ya kijiji, na watu wenye masepeto wakipanda asubuhi moja kuyapindua wakitafuta mkwaruzo wa mchanga wa mama mukubwa. Hilo peke yake lingetosha. Lakini nitasema kweli: lililonichoma zaidi lilikuwa jingine. Mwaka mzima nilikuwa nimechekwa kwa sababu nilisema kwamba kilicho hapa, karibu, kinatosha kutazamwa. Sasa naambiwa nibaki hapa kwa sharti la kusema kwamba kile nilichokiona hakikuwa hapa, kilikuwa mahali pengine, mlimani, kwenye dhahabu. Ningebaki nyumbani, na nyumba isingekuwepo.

Nikaingia. Nikaliweka birika chini.

"Patron, si mulima. Ni sufuria. Ni tako ya sufuria yenye mumetoka kulia bugali."

Patron akacheka, kicheko kirefu cha tumbo. "Huyu kijana ako mujanja! Anaficha! Papa Sifa, unaona? Njo batu benye nataka." Akanigeukia. "Sema bei yako, mutoto."

"Ni sufuria, patron."

"Sufuria iko na mito? Sufuria iko na mabonde?"

"Iko nayo. Yote iko nayo."

Baba mukubwa akasema kwa meno yaliyofungwa, "Etabo, nyamaza." Nami, ambaye kwa kawaida sihitaji kuambiwa mara mbili ninyamaze, nikasema kwa mara ya tatu, kwa sauti iliyonishangaza mimi mwenyewe, ni sufuria.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama mukubwa aliingia amekumbatia sufuria ile ya bugali, ingali na ukoko na maji ya kulowekea, na maji yakamwagika njia nzima. Hakumsalimu mtu. Aliifikisha mezani, akaipindua, pu!, juu ya kile kitambaa cheupe, tako juu, masizi yote, uchi, mbele ya mgeni. Sifa, aliyekuwa nyuma yake, alijifunika uso kwa kanga yake, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

"Patron," mama mukubwa akasema, "karibu Lubondja."

Sikujua mpaka siku ile kwamba ukuta mwembamba husikika pande zote mbili.

Patron aliitazama sufuria. Akaitazama picha. Akainama, akaufuata mkwaruzo kwa kidole, kutoka juu, pale unapogawanyika, mpaka pale unapong'aa, polepole, kama mtu anayemgusa maiti ahakikishe. Akainua kidole. Kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiungo. Nadhani kama mtu angecheka naye wakati ule mambo yangepoa, lakini hakuna aliyejua acheke upande gani. Akatoa leso, akajifuta, akaitupa leso mezani, akasema, "Mumenichezea," akatoka. Pikipiki yake tuliisikia mpaka mwisho wa barabara.

Baba mukubwa hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisimama mbele ya ile sufuria, akasema bila kunitazama, "Toka kwa nyumba yangu. Leo. Nikirudi kutoka kumuomba ule mutu musamaha, nisikukute mu nyumba yangu."

Nikafunga vitu vyangu. Havikuwa vingi: mkeka, apareyi na mpira wake, kioo cha kunyolea, picha. Niliibandua ile kubwa ukutani. Nikatoka nje, nikasimama uani, na nawaambia bila kuona haya kwamba sikuwa na wazo lolote la kwenda. Watu waliozoea safari, miguu yao huchagua yenyewe. Yangu ilinisubiri mimi. Baba mukubwa alikuwa barazani anavaa viatu.

Mama mukubwa alitoka na sufuria yake chini ya kwapa. "Baba Sifa," akaita. "Umesema atoke kwa nyumba yako."

"Nimesema."

"Sawa. Nyumba ni yako, ulijenga we mwenyewe. Na jiko ni ya nani?"

Baba mukubwa akanyanyua uso. Kwetu mwanamume haingii jikoni kwa mke wake. Hafunui chungu, hahesabu kuni, haulizi nini kiko rafuni. Akionekana amevuka kile kizingiti hata watoto wa jirani watamwimbia. Mimi nilikuwa nimekivuka mwaka mzima, na ndiyo maana nilikuwa paka. Yeye hakuwa paka. Alikuwa mpiga picha wa Misisi, mzee wa kanisa, mtu na viatu vyake.

"Ju ya nini unauliza?"

"Mi nauliza tu. Kama jiko ni yako, ingia umutoe."

Alikuja mpaka mlangoni. Aliutazama mguu wake, akautazama ule ukingo wa udongo uliolainishwa kwa mikono ya mkewe. Nje ya ua, yule jirani wa chekeche alikuwa tayari amesimama na wenzake wawili, mikono viunoni, wakingoja kuona. Mama mukubwa akanigeukia kana kwamba mumewe hayupo: "Etabo, weka mukeka pale karibu na kuni. Ukilala karibu na mafiga utaungua."

Nikaingia. Nilitundika picha zangu zote humo, kwenye misumari ya mama mukubwa, kati ya miiko na vichujio, na moshi ukaanza kuzipaka rangi ya chai tangu jioni ile. Baba mukubwa alikaa majuma kadhaa bila kwenda Misisi, labda kwa sababu Misisi palikuwa na mtu asiyetaka kumwona, na mtu akikaa nyumbani lazima ale. Mchana wa kwanza baada ya kunifukuza, alikuja akasimama nje ya mlango wa jiko, akakohoa. Nilikuwa peke yangu ndani; mama mukubwa na Sifa walikuwa wameteremka ziwani kufua. Bugali ilikuwa juu ya mafiga, inaanza kushika, na juu yake povu lilikuwa linapumua na kupasuka, linapumua na kupasuka, mashimo madogo ya duara yakifunguka mahali pengi kwa wakati mmoja.

"Etabo."

"Ndiyo, baba mukubwa."

"Bugali iko tayari?"

Nilikuwa nimekwisha kufunga jicho moja.

"Ngoja kidogo, baba mukubwa," nikamwambia. "Mi naipiga kwanza foto."